Karoti Ambazo Hazijagusa Moto

Tulikuwa watatu kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk kutoka Meru mjini. Mama mmoja alipakata chupa ya jemu iliyojaa karoti na kabeji zilizokatwa nyembamba, zikielea ndani ya siki. Mzee wa katikati alivaa koti zito, na jua lilikuwa kali.

"Hiyo, askari wa geti ataimwaga," mzee akasema. "Siku ya wazazi, chakula kilichopikwa hakiingii shuleni."

"Hii haijagusa moto, mzee. Nilikata, nikatia chumvi, sukari na siki, nikafunika. Basi."

"Siki ndiyo imepika. Ona vile karoti imelegea."

"Imelegea wapi? Ukiuma inalia kwacha!" Lakini aliigeuza chupa akaitazama tena. "Msichana wangu hali tangu aingie bweni. Mwalimu alinipigia simu akaniambia amekonda. Nyumbani, hii alikuwa anakula hata akiwa mgonjwa."

"Si ungeleta ndizi?"

"Ndizi nilileta, akanirudishia."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi omba Mungu askari awe hajui mapishi."

Koti la mzee lilinukia kuku wa kukaanga, lakini si mimi wa kumwambia mtu mzima.

Tuktuk ikasimama getini. Askari akainama, akavuta hewa kwa pua. "Nani amebeba chakula?"

Mzee akafunga kifungo cha mwisho cha koti. Mama akaiinua chupa kwa mikono miwili.