Marehemu Kunyanzi, Dobi wa Nguo Zisizovaliwa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja wake wa miaka mingi: huyu tuliyemleta hapa leo mlimjua kwa jina la Kunyanzi. Jina hilo hakulipata ukubwani. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa fundi viatu na muuza mboga, kabla ya miezi yake kutimia, mwembamba, ngozi imemzidi mwili. Mkunga alimwinua, akamtazama, akasema, "Mama, umetuzalia mzee." Bibi yake akamwita Kunyanzi, na jina likamganda. Mwenyewe alipenda kusema kwamba Mungu alimleta duniani bila kumpiga pasi, ndiyo maana akampa kazi ya kuwanyooshea wengine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akamaliza akiwa na alama nzuri za hesabu na mbaya za mwandiko. Hakuendelea, kwa sababu baba yake alianza kupoteza macho na nyumba ilihitaji mikono. Malezi mengine aliyapata kwa mama yake, aliyekuwa mkali wa adabu. Mama huyo alimtuma sana kwa majirani, na kila alipomtuma alimwambia, "Ukiingia nyumba ya watu, uliowakuta wasalimie wote, usichague." Siku moja Kunyanzi alirudi akasema amekuta paka tu. "Ulimsalimia?" mama akauliza. Akasema hapana. Akarudishwa kumsalimia paka.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli, akaanza na kubeba maji, akaishia kusimamia pasi zote. Baada ya miaka kumi na minne alifungua duka lake: chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, meza ndefu iliyofunikwa blanketi, na kamba tatu nyuma. Shuka za hoteli ziliendelea kuja kwake. Alikuwa mtu wa utani. Alisema kola haina siri, kwamba kwa shingo ya shati anajua nani amefanya kazi juani na nani amekaa kivulini akidai amechoka.

Mkewe, msusi, alimpata kwa hasara. Mwaka 1988 mwanamke huyo alimletea gauni la sherehe kule hotelini, na yeye, kwa kumwaza mwenyewe akiwa amelivaa, akaliunguza. Alikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Akaenda tena kuuliza kama radhi imepokelewa. Alikwenda mara nyingi hivyo mpaka baba mkwe akauliza, "Kijana, gauni lilikuwa moja au duka zima?" Walioana Juni 1989, wakajaliwa binti na mwana.

Hayo wengi wenu mnayajua. Yanayofuata wengi hamyajui, na mwenye kuhusika, ambaye yupo hapa pamoja nasi, ameruhusu yasomwe.

Machi 2020, ugonjwa ulipoingia, hoteli ilifungwa wiki ile ile shule zilipofungwa. Shuka zilizokuwa zimefuliwa na kukunjwa hazikufuatwa na mtu. Kwa mkewe hali ilikuwa mbaya zaidi, maana nani angempa msusi kichwa chake wakati watu wanaogopa hata kupeana mikono? Binti yao, muuzaji wa duka la vitambaa, aliambiwa asubiri nyumbani mpaka aitwe, na kusubiri hakulipi kodi. Akarudi kwa wazazi na watoto wake wawili. Nyumba ikajaa wakati ule ule chungu kilipopungua.

Walifanya yale ambayo wengi wenu mliyafanya. Chama cha akina mama kilivunjwa, kila mmoja akachukua alichokuwa ameweka. Redio iliuzwa, kisha pasi ya umeme, akabaki na ile ya mkaa. Sukari ilinunuliwa kwa kijiko. Uji ulizidishwa maji mpaka mjukuu mdogo akauliza kama huu ni uji au ni maji yaliyopita karibu na unga. Mwenye nyumba alikuja siku moja, akasimama mbali na mlango, akawatazama wale watoto, akaondoka bila kusema lililomleta.

Marehemu aliendelea kufungua duka kila asubuhi, ingawa hapakuwa na kazi. Barabara ilikuwa kimya hivi kwamba alisikia mkaa ukipasuka ndani ya pasi. Wakati mwingine upepo uliingia dirishani ukazijaza nguo za wateja zilizoning'inia, zikasimama kidogo kama zina vifua, kisha zikalegea. Alisema alizoea kuzigeuzia mgongo.

Asubuhi moja simu yake ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayeishi nyumba ya geti jeusi, mwisho wa mtaa, mhasibu ambaye mumewe alikuwa mpima ardhi. "Fundi, kikapu cha nguo kipo nje ya geti. Sitatoka, nisamehe. Ujira wako umo humo humo."

Ndani ya kikapu mlikuwa na shati la mwanamume, gauni dogo la kike, na fulana na kaptula ya mtoto wa kiume. Chini yake kulikuwa na unga, maharage na chupa ya mafuta ya kupikia. Nyumbani siku hiyo watu walikula wakashiba, na binti yake akaenda kujificha uani kulia kidogo.

Lakini marehemu alikuwa na jambo moyoni. Alimwita mkewe dukani, akamwonyesha zile nguo.

"Zinuse."

Mkewe akazinusa. "Zinanukia sabuni."

"Sabuni yangu. Hizi nilizifua mimi kabla hoteli haijafunga. Hazijavaliwa."

"Basi kuna mtu ana mali ya kuchezea. Baba watoto, zifue, tusiulize."

Akazifua. Wiki iliyofuata kikapu kikaja tena, nguo zile zile, na chakula tena. Safari hii zilikuwa zimechafuka, na uchafu wenyewe ndio uliomkosesha usingizi. Mchuzi ulikuwa umeanzia juu kabisa, kwenye kola, ukateremka kifuani ukiwa umenyooka, kama uliomiminwa. Kwenye gauni dogo kulikuwa na wali uliokauka, umekwama ndani ya shingo. Kwapani hapakuwa na jasho. Mikononi hapakuwa na alama ya kufutia mdomo. Nguo hizo zilikuwa zimelishwa, na hazikuwa na mtu ndani.

"Mumewe na watoto wako wapi?" aliuliza nyumbani jioni hiyo.

Mkewe akaacha kuchekecha unga. "Hukusikia? Waliondoka kwenda kumwona bibi mgonjwa, nchi ya pili. Mipaka ikafungwa wakiwa huko. Yuko peke yake mle ndani."

Watoto walikuwa wanakula maharage ya kikapu.

Wiki ya tatu alipokwenda kuchukua, alikuta geti liko wazi, na sauti ikamwita kutoka ndani. "Pita, fundi. Wako mezani."

Aliingia akiwa na barakoa yake ya kitambaa cha shuka, akavua viatu mlangoni. Pazia zilikuwa zimefungwa mchana kweupe. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wanne. Kwenye kiti cha mbele, shati limevalishwa mgongo wa kiti, vifungo vyote vimefungwa, mikono imelazwa juu ya meza kando ya sahani. Upande huu gauni, upande ule fulana, na kaptula imekalishwa. Sahani zao zilijaa wali. Sahani ya mama mwenye nyumba ilikuwa na vijiko viwili vya wali, pengine vitatu. Nywele zake zilikuwa zimesimama, na mifupa ya mabega ilionekana juu ya kanga.

"Baba," aliliambia shati, "ni fundi wetu."

Marehemu alitueleza kwamba miguu yake ilitaka kukimbia. Badala yake mdomo ukafunguka, ukafanya ulivyofundishwa utotoni. Akageukia kiti kimoja kimoja. "Habari za hapa. Hamjambo, watoto?"

Yule mama akamtazama. Akaketi. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu mzima mwenye akili zake, "Najua hawapo, fundi. Usifikiri sijui. Ila nikila mbele ya viti vitupu, chakula hakipiti."

"Na ukila hivi kinapita?"

"Kidogo."

"Mimi naona wameshibishwa watatu, na wewe unakonda," akasema. "Na sisi nyumbani tunakula chako."

Alirudi na nguo, na akauacha unga wa ujira wake palepale mezani. Nyumbani ikazuka mabishano makali, ya kunong'ona, ili wajukuu wasisikie. Mkewe alisema cha mtu mwenye huzuni kama ile hakiliwi, kina mkosi. Binti akasema mkosi ni watoto kulala na njaa. Marehemu akasema, "Kumwacha nako je?" Mwishowe mkewe aliinuka, akachukua kitana na mafuta yake ya nywele, akafunga barakoa. "Kichwa chake kikoje?" akauliza.

"Kama kichaka."

"Twende."

Kichwa hicho kilikuwa cha kwanza alichokigusa tangu hofu ianze. Alimsuka dirishani, pazia zimefunguliwa, na chakula kikapikwa cha watu wa nyumba zote mbili kwa pamoja: unga wa geti jeusi, kuni na mikono ya kwa marehemu. Kuanzia hapo chungu kilikuwa kimoja. Siku wajukuu walipoletwa, walisimama mlangoni wakilitazama gauni lililokaa kitini. Mdogo akauliza, "Huyu anaitwa nani?" Yule mama akamtajia jina la binti yake. Kisha akalichukua gauni taratibu, akalikunja, akampisha mtoto akae. Siku chache baadaye akaikunja fulana. Shati alilibakisha, na kila Ijumaa marehemu alilichukua, akalifua, akalirudisha. Hakuna aliyemwambia aliache.

Ijumaa moja ya mwezi Mei alilikunjua dukani, akakaa chini.

Kola ilikuwa na jasho. Si mchuzi. Ni ule mstari wa kahawia wa shingo ya mwanamume, mnene, wa mtu aliyelala na shati siku nyingi. Mgongoni na kwapani lilikuwa limelowa, bado lina umajimaji, na lilikuwa na joto. Marehemu alimwita mkewe, naye akaligusa. Mkewe akasema labda mama amelivaa mwenyewe. Marehemu akasema shingo ile si ya mwanamke, na mkewe hakumbishia.

Alipiga simu geti jeusi. "Mama, shati hili kuna mtu aliligusa?"

"Hapana. Lilikuwa mezani. Kwa nini?"

"Nauliza tu," akasema.

Akalifua kwa maji ya baridi, polepole, kwa mikono, mpaka mstari ule ukatoka wote. Akalipiga pasi, akalirudisha. Jumapili simu ilikuja kutoka nchi ya pili: mpima ardhi alikuwa ameshikwa na homa wiki nzima, akitokwa na jasho, na amefariki. Walimzika huko huko, watu wachache, mbio mbio. Watoto walikuwa wazima. Mipaka ilipofunguliwa, mjomba wao aliwaleta, na mtaa wote ulisimama kwenye milango kuwatazama wakitembea hadi geti jeusi.

Hoteli ilifungua tena mwaka uliofuata, shuka zikarudi, binti akaitwa kazini. Pasi mpya ya umeme ilinunuliwa. Ila marehemu hakupenda tena kugeuzia mgongo nguo zinazoning'inia. Alizisalimia kila alipofungua duka, na wateja walidhani ni utani wake wa siku zote.

Januari mwaka huu figo zake zilianza kushindwa. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Yule mama alikuja kila siku kumlisha uji, kwa kuwa mkono wa marehemu ulikuwa unatetemeka. Siku moja, katikati ya kulishwa, alimwambia habari ya jasho lile, jambo ambalo alikuwa amemficha miaka yote. Mkewe alikuwepo, binti alikuwepo. Yule mama aliweka bakuli chini.

"Lilikuwa na joto?"

"Lilikuwa na joto."

"Na ukalifua."

"Niliogopa utalala nalo uondoke nalo. Nilidhani nakusaidia."

Maji yalikuwa yakichuruzika uani. Kisha akasema, "Ungeniachia, fundi. Alikuja kuniaga, ukamfua." Machozi yalimtoka marehemu, na hakuwa mtu wa machozi. Yule mama akamtazama, akamfuta uso kwa upande wa kanga yake, akachukua bakuli. "Fungua mdomo," akasema. "Uji unapoa." Alimlisha wote, mpaka mwisho.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alasiri, mkewe ameshika mkono wake wa kulia na binti wa kushoto.

Ameacha mke, binti na mwana, wajukuu watano, kaka mmoja na dada mmoja, shemeji na wakwe, na mama wa geti jeusi pamoja na watoto wake wawili, ambao kwa idhini ya familia wameketi leo katika viti vya wafiwa, na ambao aliwaita wanawe.

Mungu amlaze mahali pa raha, na amani iwe naye.