Kumuaga Sista wa Kliniki ya Sukari

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wagonjwa wenzangu wa sukari mliojibanza karibu na meza ya soda mkidhani hatuwaoni: habari za mchana!

Nimeombwa nimuage Sista, anayestaafu leo, kwa niaba ya wagonjwa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, maneno matamu sina, nitasema yaliyonikuta.

Sista alipotuwekea ile programu kwenye simu, ya kupima sukari kila asubuhi, kuandika namba na kupiga picha ya kipimo ili naye aione akiwa ofisini, wengi mlifurahi. Namba zangu zilitoka nyekundu kila siku, maana yake sukari iko juu; kijani ndiyo nzuri. Jamani, mtu mzima na ndevu zangu, nikaogopa rangi! Nikafanyaje? Nikamwomba mama watoto aniazime kidole chake. Wiki tatu namba zikawa kijani tupu, nami natembea kifua mbele, huku ndani ya kiatu kidole cha mguu kinawaka moto.

Asubuhi moja simu ikalia, ni Sista.

"Kaka, hongera, sukari nzuri. Ila hebu niambie, mafundi wa kuchomelea mmeanza lini kupaka rangi ya kucha?"

Picha ilikuwa na kidole cha mke wangu, kucha nyekundu hiyo! Wala hakufoka. Akasema, "Vua viatu, niambie unaona nini." Nikavua, nikamwambia kidole kimeanza kuwa cheusi. "Njoo sasa hivi," akasema, "usipitie popote."

Kidole kile cha mguu hakikuokoka. Daktari alisema ningechelewa wiki moja tu, mguu mzima ungekwenda. Nililia wodini kwa aibu. Sista akaketi kando ya kitanda changu. "We kaka una wazimu? Hizo nyekundu ndizo ninazozisubiri. Mwenye kijani nitampigia simu ya nini?"

Sasa niwaulize, nani kati yetu alimtumia namba mbaya akasimangwa? Simuoni.

Sista, dada yangu, nakupenda, na mke wangu anajua. Muuguzi atakayekalia kiti chako atapata namba zangu za kweli, hata zikiwa za kutisha.

Mwezi ujao binti yetu mkubwa anaolewa. Nitaingia naye ukumbini nikitembea kwa miguu yangu miwili, na kiti cha mbele kabisa, pembeni ya mama yake, ni chako.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.