Ratiba ya Watu Saba

Kijiwe chetu cha Ibighi kilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, ubavuni mwa kibaraza nilichoshonea nguo. Mwaka ule wa tisini na tatu foleni zilikuwa zimekwisha. Maduka ya Tukuyu yalijaa sukari, sabuni za kila rangi, na mafuta ya kupikia kutoka nchi ambazo hatukuweza kuzitamka. Kilichokosekana ni cha kununulia. Wenyeji wa ubao tulikuwa wachache: Lutufyo, tuliyemwita Kilo kwa sababu alipima sukari duka la ushirika mpaka likafungwa, Hosea, tuliyemwita Redio kwa sababu taarifa ya habari haikumpita, Meshaki muuza kahawa, na mimi nyuma ya cherehani yangu. Jumamosi moja mchana, mvua ikiwa imepumzika kidogo, alikuja Jotham wa kiwanda cha chai na karatasi mkononi. Hakumsalimia mtu.

— Vipi, Jotham, kwema?

— Si kwema. Wewe ndiye uliyesimamia ndoa yangu, aliniambia. Leo utanisindikiza nyumbani. Felista anarudi kwao Suma.

Meshaki aliacha kumimina kahawa.

— Amefanya nini?

— Someni wenyewe.

Kilo aliipokea karatasi. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la shule, pembeni ina matundu ya misumari. Tuliijua kwa habari zake. Felista alikuwa amefundishwa na akina mama wenzake wa kanisani kupanga chakula cha wiki nzima kabla ya kwenda sokoni, anunue kilichoandikwa tu, asiongeze wala asibadilishe. Mwezi mzima Jotham alikuwa akijisifu hapo kijiweni kwamba fedha ya matumizi, iliyokuwa ikiisha Jumatano, sasa inafika Jumamosi kwa Jumamosi. Tulimwonea wivu.

Kilo alisoma kwa sauti.

— Jumapili, wali, vikombe saba. Jumatatu, kande, vikombe saba. Jumanne, ndizi ishirini na moja, kila mtu tatu. Jumatano na Alhamisi, viazi na kabichi. Ijumaa, ndizi kama Jumanne. Jumamosi, nyama, vipande saba. Sasa kosa liko wapi? Hata mwandiko mzuri.

— Kwangu tuko wangapi?

— Mtajuana wenyewe huko.

— Mimi, mke wangu, watoto watano, na Juba, mama yangu mzazi. Hao wangapi?

Redio alihesabu kwa vidole.

— Wanane.

— Na karatasi?

— Saba.

— Jumatatu saba, Jumanne saba, mpaka nyama saba! Nimeipita karatasi hii mlangoni pa jiko mwezi mzima nikiona maandishi tu. Leo ndiyo nimesimama nikaisoma. Kuna mtu amepunguzwa nyumbani kwangu na mimi sijaambiwa.

Neno lile, kupunguzwa, kwa Jotham halikuwa neno la mchezo. Januari ile, kiwandani, majina ya waliopunguzwa yalibandikwa ukutani, watu arobaini wakarudi nyumbani kabla ya chai ya saa nne. Lake halikuwemo, lakini alituambia kwamba alilisoma tangazo lile mara tatu asiamini.

— Labda amekosea hesabu, alisema Kilo. Dukani mimi nilikuwa nakosea kila siku.

— Wewe ulikuwa hukosei, ulikuwa unapunja, alijibu Meshaki.

— Felista alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, alisema Jotham. Hakosei.

Redio alisogea mbele, tukajua sasa tumepatikana.

— Sikilizeni. Serikali imeambiwa na wanaotukopesha ipunguze watu. Imepunguza. Viwanda vimeambiwa, vimepunguza. Sasa ni zamu ya nyumba. Mwaka huu watu saba, mwakani sita.

— Nani kamwambia Felista?

— Hao akina mama wa kanisani wameambiwa na nani? Semina inatoka juu, inashuka, inashuka, mpaka jikoni.

— Kwa hiyo huko Ulaya wanajua ndizi za Jotham? aliuliza Meshaki.

— Zote zimeandikwa.

— Acha bwana! Wanazijua na za kijijini Igogwe?

— Igogwe watafikiwa.

Kilo alitikisa kichwa.

— Mimi naona aliyepunguzwa ni wewe mwenyewe, Jotham. Unashinda hapa na vitumbua. Mkeo kakuona umeshiba.

— Mbona nakula? Jana nimekula ndizi tatu zangu.

— Basi ni Lusungu, alisema Redio. Binti yako kamaliza shule, yupo yupo tu. Mahari imeshapokelewa kimyakimya, wewe ndiye utakayejua wa mwisho.

— Gwe, Redio! Lusungu jana amekula mbele yangu!

— Anakula kwa hesabu ya mumewe.

Hapo hata Redio mwenyewe alionekana hajaelewa alichosema. Meshaki alisema pengine karatasi si ya nyumba ile, imebadilishwa kanisani. Kilo akasema pengine namba nane imepigwa marufuku tangu soko huria lianze. Kila mmoja alikuwa na lake, na kadiri tulivyosema ndivyo tulivyozidi kupotea. Jotham alikuwa akiangalia chini.

— Ni Juba, alisema mwishowe.

— Mama yako?

— Tangu karatasi hii iwekwe, Juba anabakiza chakula. Nimemwona kwa macho yangu. Ndizi moja na nusu inarudi jikoni, au nusu ya kikombe cha kande. Nikimuuliza, anasema meno. Meno gani? Meno ya kutafuna mahindi ya kuchoma anayo! Mtu akishajua hahitajiwi kwenye nyumba, chakula hakipiti kooni. Mimi najua hali hiyo. Mama yangu amenilea peke yake, leo anahesabiwa nje ya sufuria na mke niliyemleta mimi!

Hakuna aliyecheka tena. Kilo alisema kama ni hivyo basi hata yeye hana la kumtetea Felista. Nikafunika cherehani. Ndoa niliisimamia mimi, nisingeweza kukataa kwenda.

Nilikuwa nimemsahau mteja wangu. Mama mmoja wa Igogwe, jina lake Imakulata, alikuwa kwenye kigoda nyuma yangu akingoja gauni la kipaimara la binti yake. Hatukuwa tunajuana naye, na muda wote hakutia neno. Sasa alisimama na gauni lake mkononi.

— Samahani, baba zangu. Huyo Felista mwenyewe, mara ya mwisho mmemwona anakula lini?

— Wanawake hula jikoni, alisema Redio haraka.

— Sawa. Huko jikoni, nani amemwona?

Jotham alichukua karatasi yake kutoka kwa Kilo.

— Jana... jana alitupakulia.

— Na juzi?

— Alitupakulia.

Imakulata alingoja. Jotham alimtazama Kilo, Kilo akanitazama mimi, na mimi nikajikuta namfikiria mke wangu, nikikumbuka mikono yake na upawa, na sahani zetu, na nisikumbuke sahani yake. Mama yule aliaga kwa heshima, akaenda zake.

Njiani Jotham alitembea mbele yangu, mara haraka, mara akasimama kabisa kama amesahau njia ya kwake. Tulipofika, tuliwakuta jikoni. Felista ameinama juu ya sufuria. Mama yake Jotham amekaa karibu na moto. Kwenye sahani ya bibi palikuwa na kipande cha nyama kilichokatwa katikati, na alikuwa akisukuma nusu yake kwa mkwewe.

— Kula, mwanangu, mimi meno yanauma.

— Juba, meno yako hayaumi, alisema Jotham kutoka mlangoni.

Wote wawili walishtuka. Felista aliona karatasi mkononi mwa mumewe, akaangalia ukutani ilipokuwa imebandikwa.

— Wewe unakula nini? Jotham alimuuliza.

— Naonja nikipika.

— Nimekuuliza unakula nini, Felista.

Alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kila kidole. Ndipo nilipoona jinsi kanga ile ilivyomzunguka, imekunjwa mara mbili kiunoni.

— Nilipanga mara tatu, alisema. Nikiandika watu wanane, fedha inakwisha Ijumaa. Nikiandika saba, inafika. Ulikuwa umefurahi sana kwamba inafika. Nikaona basi, si vibaya, mpaka mambo ya kiwandani yatulie.

— Na Juba alijua?

— Nilijua siku ya pili, alisema bibi. Wewe una macho ya kuonea nini?

Jotham alikuwa amekuja na maneno ya kumrudisha mtu Suma, na sasa maneno yale hayakuwa na pa kwenda. Alikalia kigoda cha jikoni, ambacho sijui kama aliwahi kukikalia, akachukua sahani yake iliyokuwa imeshapakuliwa, akaiweka magotini pa mkewe.

— Kula nikuone.

— Mbele ya mgeni?

— Huyu si mgeni. Alitusimamia siku ya ndoa.

Felista aligeuka upande kwa aibu, akaanza kula. Alikula kama mtu anayejizuia asiharakishe. Jotham alinyoosha karatasi pajani, akaniomba kalamu yangu ya kuchorea vitambaa. Alifuta saba ya Jumapili, akaandika nane. Akafuta ya Jumatatu. Akafika Jumanne, akasimama.

— Ukiandika nane, alisema Felista, niambie na Ijumaa tutakula nini.

Jotham alikuwa amevurugikiwa kabisa, mtu mzima anayepima majani ya chai kila siku.

— Chumvi bei gani? aliuliza.

Felista alimtajia, mdomo umejaa.

— Imepanda mpaka huko? Na mafuta?