Yoakimu Gidahosh na Mahame Yaliyolimwa

Wazee wetu, shikamooni. Poleni nyote.

Marehemu baba yetu, Yoakimu Gidahosh, alizaliwa mwaka 1926 chini ya mlima Gehandu, kando ya mahame. Nani aliishi humo zamani hakuna ajuaye. Hata babu zetu waliyakuta hivyo: matuta ya udongo, mashimo ya nyumba, nyasi tupu. Babu alizikwa humo, na watu walijenga kilima cha kaburi lake kwa miezi, kama anavyostahili mtu mkubwa. Aliyepita pale aliweka nyasi mbichi juu yake kwa heshima.

Shule aliishia darasa la pili, ng'ombe wakamhitaji.

Mwaka 1951 alibatizwa, akamwoa mama yetu Zita wa Dongobesh. Wakwe, ambao ni wakulima, walimtania kwamba sasa mfugaji atashika jembe.

Akashika trekta. Shamba kubwa la ngano la serikali lilipochukua malisho yetu mwaka 1972, ng'ombe walikosa pa kula, naye akaajiriwa humo kama dereva. Alilima akiyazunguka mahame. Msimamizi akamuuliza kwa nini anaacha ardhi.

"Pale amelala baba yangu," alisema.

"Mimi naona kichuguu."

Baba alifukuzwa siku hiyo. Dereva mwingine akapanda trekta, akasawazisha matuta, mashimo na babu. Baadhi yenu mlikuwapo, mkanyamaza. Leo mmekuja na pole. Tumezipokea, lakini hasira haijatutoka.

Mashimo hayakufutika. Kila mwaka ngano iliyo juu yake huota ndefu na ya kijani zaidi. Baba alitupandisha mlimani akatuonyesha umbo la kijiji kizima.

"Mnaona? Wamerudi," alisema, akacheka. Ndiyo mara pekee nilipomwona akilicheka shamba lile.

Machi mwaka huu, 1986, alianza kukohoa. Alilazwa, akarudi nyumbani, akafariki tarehe 9 Juni. Aliomba jambo moja, alale karibu na baba yake. Tulikwenda kuomba ruhusa. Tukaambiwa ngano inakaribia kuvunwa, kaburi litaharibu mashine. Ndiyo maana tunamzika hapa, nje ya uzio wa shamba, kama mgeni.

Ameacha mjane, Mama Zita, na watoto: mimi Patriki, Imakulata na Juliana, pamoja na wajukuu.

Kila mmoja wenu amepewa nyasi mbichi mlangoni. Msiziweke hapa. Tukimaliza kufukia tutapita katikati ya ngano, tukaziweke kwa babu. Mahali tunapajua, ndipo ngano ilipo ndefu. Safari hii asibaki mtu kando ya uzio.

Baba apumzike kwa amani. Sisi bado.