Bulo Iliyomukatalia Safari Mia

Kutoka soko la Kasongo, ukishika njia ya kwenda Kabambare, unakuta benchi ya Mama Mwamvita: ubao mumoja murefu juu ya matofali, jiko la makala, birika nyeusi, na vikombe sita vya chuma, kimoja hakina mukono. Benchi kama ile haiko tena mpaka Kindu, na mwenye kubisha alete yake tuipime. Hapo kila siku wanaume watatu wanatengeneza dunia, na dunia haijawashukuru hata mara moja. Lakini Jumamosi ile hakuna aliyeitaja dunia. Gari ya Hemedi, jipu ya zamani, ilikuwa imesimama pembeni ya benchi, mbele ya nyumba yake, gurudumu moja la mbele limetolewa, tumbo limelala juu ya kriki ya kuinulia gari na gogo la muti. Chini yake ilitokea miguu miwili. Ilikuwa miguu ya Hemedi.

Hemedi aliuza sabuni na vitenge, lakini kwenye benchi jina lake lilikuwa Safari Mia. Si kwamba alisafiri mara mia. Ni kwamba hakuna safari aliyoifanya asiielezee mara mia, na kila mara hadithi iliokota kitu kipya njiani na kuangusha kingine cha zamani, kama lori lisilofungwa nyuma.

Siku hiyo hakuwa na hadithi. Siku ya Alhamisi ujumbe ulifika kutoka Wamaza, upande wa Kabambare, kule alikoolewa binti yake Soraya: mimba imetimia, na mutoto amekingama tumboni. Infirmye, yule muuguzi wa kule, alisema azalie hospitali ya Kasongo, na asipandishwe pikipiki, hata kama pikipiki ni ya malaika. Afuatwe na gari. Na gari ya baba yake ilikuwa na rotili moja iliyokufa. Rotili njo kile kifundo cha chuma kinachounganisha usukani na gurudumu. Kikichomoka kwenye muteremuko, wewe unageuza usukani na gari inaenda inakotaka yenyewe. Rotili mupya ilikuwepo, ilitoka Bukavu, ingali ndani ya karatasi yake. Ya zamani ndiyo iliyokatala kutoka, kwa sababu ya bulo moja, ile nati inayoikaza. Fundi wa mutaa alikuwa Kindu kwenye kilio. Tangu jana asubuhi Hemedi alikuwa anaivuta ile bulo peke yake, na bulo inamuangalia tu.

— Imesogea? aliuliza Kamaldine kutoka kwenye benchi.

Kamaldine walimuita Diplome. Alifika mwaka wa mwisho wa sekondari, na diplome yake iko njiani, mwaka wa ishirini na mbili sasa.

— Imesogea kama nywele, alijibu Hemedi chini ya gari. Kisha inasimama. Kila mara pale pale.

— Hiyo njo kemi, tuliisoma shuleni. Chuma mbili zikikaa pamoja miaka, zinaoana. Sasa unataka kuzipa talaka kwa nguvu? Haraka haraka haina baraka. Umwage mawese, ungoje mpaka Jumanne.

— Jumanne! Kamaldine, mutoto wangu iko na Jumanne ya wapi?

— Miye naongea juu ya chuma, siyo juu ya mutoto.

— Mawese nilimwaga jana. Nilimwaga tena leo. Bulo imekula mawese kuliko nyumba yangu yote.

Déo alicheka, halafu akaona hakuna aliyecheka naye, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Yeye walimuita Kilo. Alichimba dhahabu Salamabila, na anaapa kwamba siku moja alishika kilo nzima mukononi, kabla haijatoroka.

— Papa Hemedi, unisikilize miye mutu wa shimo, alisema Déo. Kule Salamabila jiwe likikatala, hatulibembelezi. Tunaliwashia moto mpaka liwe jekundu, halafu maji ya baridi, pwaa! Linapasuka lenyewe. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Basi dalili ya bulo ni moto.

— Na tanki ya esanse? Iko hatua mbili!

— Tutaifunika na kitambaa.

— Ya mavi ya kuku hiyo akili, Déo! Unataka nimufuate Soraya na gari ao na majivu?

— Basi moto mudogo. Ao… Déo alishusha sauti na kuangalia huku na kule. Kuna mutu namujua, iko na kipande cha baruti. Kama kidole tu. Unakiweka hapa, kichwa cha bulo kinaruka, gari inabakia muzima.

— Na ukuta wa nyumba yangu hapo jirani? aliuliza Mama Mwamvita.

— Ukuta utasikia kidogo.

Hemedi alitoka chini, akakaa kwenye vumbi. Ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka, uso wote ni grisi. Aliangalia mbinguni upande wa Kabambare. Mawingu yalikuwa yanapandana, meusi, na yeye aliijua ile njia: mvua moja kubwa, na pale mutoni gari haipiti tena. Alimuona Soraya amelala kwenye mukeka, anasikiliza nje, kila pikipiki inayopita anadhani ni muvumo wa jipu.

— Lakini Safari Mia, alisema Kamaldine, si weye mwenyewe ulifunga hii bulo? Ile siku ya mutoni?

Hapo, pamoja na hofu yote, kifua cha Hemedi kilipanda kidogo.

— Njo miye! Miaka minane imepita. Natoka Salamabila, mvua ya gharika, simba upande huu…

— Mwaka jana alikuwa chui, alisema Déo.

— …simba upande huu, na rotili inafunguka katikati ya maji! Nikaikaza kwa huu mukono, bomba ya mita mbili, nikakaza mpaka chuma ikalia kama mutoto. Nikaiambia: weye, mpaka siku ya kiyama! Na…

— Tunajua, tunajua, walisema wote wawili pamoja.

Hemedi alijifuta grisi usoni. Tangu miaka mingi, hakuna aliyemuacha afike mwisho wa ile hadithi. Na kusema kweli, mwisho wenyewe alikuwa hana haraka nao tena. Mwanzo ulikuwa umenona vya kutosha.

— Uliiambia mpaka kiyama, alisema Mama Mwamvita pole pole, anamimina kahawa bila kumuangalia. Na sasa binti yako anataka kuzaa.

— Unataka kusema nini, Mama?

— Miye sina diplome. Lakini mama yangu alinifundisha: mwanamuke akikaribia kuzaa, kwa baba yake hakuna kintu kinabakia kimefungwa. Kamba, sanduku, kufuli, yote ifunguliwe. Kinachofungwa huku kinamufunga kule. Uliangalia nyumba yako, Hemedi?

Makala yalipasuka jikoni. Hemedi alisimama, akaingia ndani mbio. Walimusikia: masanduku yanafunguliwa, makufuli yanaanguka, marobota ya vitenge yanakatwa kamba. Akatoka akafungua kuku aliofunga miguu kwa ajili ya soko. Akamufungua mbuzi, na mbuzi hakuuliza sababu, akashika njia ya kwenda Kabambare.

— Na sisi, alisema Kamaldine, anafungua kamba za viatu vyake. Tuko kwenye kivanja chake.

Kilo alikuwa amefunga suruali na kamba ya nailoni, kwa kuwa mukanda wake ulitoroka na dhahabu. Aliangaliwa. Akafungua. Akabakia ameshika suruali kwa mukono mumoja na kikombe kwa mwingine.

— Muficha uchi hazai! alisema, kwa heshima kubwa.

Mama Mwamvita alifunika macho na kitenge. Lakini Hemedi hakucheka. Alikuwa ameangalia gari. Katika nyumba yake yote sasa kulibakia kintu kimoja tu kilichofungwa, na alikifunga yeye, kwa mukono wake, na kwa maneno ya kinywa chake. Alirudi chini. Aliingiza kle, ile spana yake, kwenye bulo, akavisha bomba juu ya kle.

— Kujeni wote! Kamaldine, shika hapa! Déo, achana na suruali!

— Nikiachana nayo itaanguka!

— Ianguke!

Walivuta wanaume watatu. Bulo ilisogea kama nywele. Ikasimama. Pale pale.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Kamaldine anahema. Mama Mwamvita, uniongezee kikombe.

— Vuta kwanza!

Walivuta tena. Kle iliteleza, ikapiga jiwe, na mukono wa Hemedi ukapiga chuma. Hakulia. Alikaa tu anaangalia damu inaingia ndani ya grisi, na midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti. Mama Mwamvita aliisoma: ilikuwa jina la Soraya.

Njo saa hiyo pikipiki ilisimama kando ya njia. Kijana mwenye matope mekundu mpaka kwenye nyusi alishuka nyuma ya muendeshaji. Alikuwa Asani, mume wa Soraya. Hakusogea karibu. Alichuchumaa mbali na benchi, akapiga makofi ya heshima mara tatu, macho chini. Kwao mukwe hakai benchi moja na baba wa mukewe, wala hamukosoi. Hata neno anamupitishia mutu mwingine, huku wote wanasikia.

— Mama Mwamvita, alisema Asani, unisalimie baba mukwe.

— Hemedi, mukwe wako anakusalimu.

— Soraya? Hemedi alitambaa kutoka chini. Muulize Soraya namna gani!

— Umwambie baba mukwe, alfajiri nilipotoka, uchungu haukuwa umeanza. Lakini infirmye amesema kesho ni mbali. Amenituma niulize gari iko wapi.

Hemedi alionyesha jipu kwa kidole kimoja chenye damu. Benchi lilisema kwa niaba yake. Kamaldine alieleza kemi na talaka ya vyuma. Déo alieleza moto, kisha baruti, huku ameshika suruali. Mama Mwamvita alieleza makufuli na mbuzi. Asani alisikiliza yote, anaitikia kwa kichwa, kama mutu anayesomewa hukumu. Walipomaliza, alikuna shingo yenye matope.

— Mama Mwamvita, unisamehe. Naogopa kuuliza.

— Uliza, mutoto wangu.

— Umuulize baba mukwe… ule musumari, aliutosha?

Mama Mwamvita alimugeukia Hemedi.

— Anauliza ule musumari, uliutoa?

— Musumari gani? alisema Kamaldine.

— Musumari gani? alisema Déo.

Asani aliongea na vumbi mbele ya miguu yake.

— Soraya hapati usingizi, basi ananielezea hadithi. Ya mutoni ameielezea mara nyingi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa ndani ya gari. Alisema bulo ilipotea kapini yake, kile kiwaya kinachopita kwenye tundu na kuizuia isijifungue. Basi yeye akang'oa musumari kwenye kashe ya mbao ya sabuni, akamupa baba. Baba akaupitisha pale, akaukunja, akapaka grisi na lami juu yake ili wezi wasiuone. Alisema hakukuwa na simba.

Kamaldine aliangalia kikombe. Déo aliangalia Kamaldine. Hemedi alikuwa anamuona mutoto mwembamba, nguo imelowa, anamupa musumari huku meno yanagongana, na yeye anamwambia: ushike taa, mama, usiogope. Miaka minane. Katika safari ya ngapi ule musumari ulianguka kutoka kwenye hadithi? Ya tatu? Kwa sababu musumari wa sabuni ulikuwa unamufanya yeye mudogo, na musaada wa yule mutoto pia.

Alilala chini ya gari. Alikwangua lami kwa ncha ya kisu. Ikatoka ganda jeusi, na nyuma yake kichwa kimoja kidogo cha musumari uliokunjwa, kinaangaza.

Aliunyoosha kwa koleo, akauvuta. Kle moja, bila bomba, mukono mumoja. Bulo ilizunguka.

Saa moja baadaye rotili mupya ilikuwa mahali pake na gurudumu limerudi. Kapini mupya haikuwepo Kasongo nzima. Hemedi aliweka musumari juu ya jiwe, akaupiga nyundo mpaka ukanyooka, akaurudisha mule mule. Hakupaka lami.

— Wote muuone, alisema. Musiseme kesho hamukuuona.

— Lakini miye tangu mwanzo nilisema, alianza Déo, kuna kintu kinazuia…

— Kahawa imeisha, alisema Mama Mwamvita, na akageuza birika ili Déo aone.

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya kioo. Jipu iliwaka. Asani alikwenda kupanda nyuma, kwenye mafurushi ya vitenge, kama inavyotakiwa. Hemedi alifungua mulango wa mbele.

— Kuja hapa.

— Baba mukwe, haifai.

— Kuja hapa mbele, mutoto wangu, alimwambia yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mutu. Njia ni ndefu. Nielezee ile ya mutoni, namna Soraya anaielezea. Mpaka mwisho.

Asani alipanda, akakaa nusu kiti. Gari ilipita benchi, ikapita mbuzi aliyesimama katikati ya njia, na usukani ulitii.

— Alisema, alianza Asani, mvua ilikuwa imeanza kidogo tu, kama hii…

Na Safari Mia alishika usukani kwa mikono miwili, anaangalia mawingu, anasikiliza.