Loisi Ndahani, Aliyengoja Mengineyo (1951–2025)

Mama tunayemzika leo alizaliwa Mvumi Makulu, wilaya ya Chamwino, tarehe 14 Juni 1951, katika msimu wa kuvuna uwele. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndahani Chilewa na mkewe Rudia. Alibatizwa katika Kanisa Anglikana akiwa mchanga, na imani hiyo aliishika mpaka mwisho bila kelele.

Alianza shule hapo hapo Mvumi mwaka 1961. Dada yake aliwahi kusimulia kwamba siku moja mwalimu wa hesabu aliuliza darasa, "Nani hajaelewa?" Darasa zima lilikuwa halijaelewa, lakini mkono uliopanda ni wa Loisi peke yake. Mwalimu akamwambia, "Shusha mkono, nitarudi kwako." Kengele ikalia kabla hajarudi. Loisi alibaki kwenye dawati mpaka mwalimu alipokuja kufunga mlango. Aliishia darasa la nne mwaka 1964, kwa kuwa nyumbani palikuwa na uwezo wa kumwendeleza mtoto mmoja tu, na aliyeendelezwa alikuwa kaka yake.

Kuanzia mwaka 1969 alikuwa dobi katika hospitali ya misheni, Mvumi. Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na Bwana Petro Malogo, fundi wa reli, wakapanga chumba hapa mjini, Makole. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lameck na Paulina. Hapa mjini marehemu alikuwa na meza ya karanga na mlenda mkavu katika Soko la Majengo, na wateja wake wanakumbuka kwamba hakujua kupamba bidhaa. Mtu akiuliza kama karanga ni mpya, alijibu, "Ni za mwaka jana, ila hazijaoza." Mwaka 1998 yeye na mumewe walihamia kwenye nyumba yao wenyewe, hapa Mtaa wa Chisima.

Wote tuliokuja leo tumelivuka korongo, kwa hiyo halihitaji maelezo marefu. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto huchezea mpira humo, na magari hupita. Masika maji hushuka kutoka milimani hata siku ambayo Chisima hapajanyesha tone, na mtaa mzima hubaki upande huu, wakati barabara, shule na zahanati viko upande ule.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 2011 Bwana Petro alishikwa na ugonjwa wa kiharusi. Majirani walimbeba mpaka ukingoni, wakakuta maji yamejaa. Wakasimama naye mikononi mpaka kulipopambazuka. Alifika hospitali, akafariki baada ya siku tatu. Marehemu hakusema hata mara moja kwamba kivuko cha mawe, kama kingejengwa hapo korongoni, kingemponya mumewe. "Siku yake ilikuwa imefika," alikuwa akisema. "Lakini si haki mtu angoje maji yapungue ndipo afe."

Tangu hapo hakukosa mkutano wa wananchi wa mtaa. Alivaa khanga safi, akaketi benchi la pili pamoja na jirani yake Bi. Mwajabu, mzaliwa wa Kondoa. Alisalimia "Mbukwenyi!", kisha, taarifa ya mapato na matumizi ikishasomwa, alinyoosha mkono kuuliza habari ya kivuko. Mwenyekiti wetu, Ndugu Nurdini, alimjibu kwa adabu kila mara: "Mama Lameck, hilo tutaliweka kwenye mengineyo."

Mengineyo, kama tujuavyo, huja mwisho. Yakifika, jua limeshakuwa kali, wenye watoto wameondoka, wenye biashara wameondoka, na mtendaji anafunga mkoba. Yeye alingoja.

"Shoga," Bi. Mwajabu alimtania siku moja, "unavyongoja mengineyo utadhani unangoja futari."

"Futari huwa inafika," alijibu.

Watoto wa mtaa walianza kumwamkia, "Shikamoo Bibi Mengineyo," naye akaitikia marahaba. Mtendaji mpya, Ndugu Anyitike, alipohamia kutoka Mbeya, alilisikia jina hilo akadhani ni la ukoo wa Kigogo. Katika mkutano wake wa kwanza, mbele ya diwani, alitangaza kwa heshima zote: "Sasa namkaribisha Bi. Loisi Mengineyo." Watu walicheka mpaka mabenchi yakayumba. Marehemu alisimama akangoja wamalize. "Asante, mwanangu. Baba yangu aliitwa Ndahani. Hilo jina jingine nimepewa na ofisi yako." Kisha akauliza habari ya kivuko.

Mwaka 2021 tulipata matumaini. Kivuko kiliingizwa kwenye mpango, na mawe na kokoto vikamwagwa ukingoni. Wiki ile marehemu alipika ugali wa uwele akawaita majirani. Lakini Agosti 2022 ilitangazwa kwamba mtaa utatembelewa na mgeni, na ikaamuliwa kwamba lijengwe kwanza lango la kumpokelea, kule barabarani. Mawe yalihamishwa. Lango likajengwa, likapakwa rangi, likaandikwa KARIBU MTAA WA CHISIMA. Mgeni alikata utepe, akapiga picha, akaondoka bila kufika upande huu.

Katika mkutano uliofuata wananchi wengi walihoji nani aliamua hivyo. Mtendaji alieleza kwamba uamuzi ulitoka ngazi za juu, na kwamba kivuko kimeahirishwa, hakijafutwa.

"Na korongo limeahirishwa?" marehemu aliuliza. Hakungoja jibu. "Mmetunawisha uso, wanangu. Miguu bado ina matope."

Baada ya hapo alichoka, na tuliokuwa naye tuliona. Aliendelea kuhudhuria, lakini mkono ulibaki mapajani. Mwezi Aprili mwaka jana, mengineyo yalipofika, mwenyekiti mwenyewe alimtazama akamuuliza, "Mama Lameck, leo huna neno?"

"Neno ni lile lile, mwanangu. Nimechoka kulisema, sijachoka kulitaka."

Alikuwa na shinikizo la damu kwa muda mrefu, na mwaka jana moyo ulianza kushindwa. Mvua zilipoanza mwezi Desemba aliomba mwenyewe apelekwe kwa binti yake Paulina, Makole. Alipoulizwa kwa nini aiache nyumba yake, alisema, "Nataka kuugulia upande wenye barabara." Alifariki huko kwa utulivu, alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Jana gari lililomleta lilisimama chini ya lango, kwa sababu korongo lilikuwa limejaa. Tulingoja. Maji yalipofika magotini, vijana walibeba jeneza kwa mikono. Ndugu Nurdini alivua viatu, akakunja suruali, akashika upande wa nyuma. Katikati ya maji tulimsikia akisema, "Taratibu, jamani. Mama yetu huyu." Bi. Mwajabu akamjibu kutoka ukingoni, "Umemvusha, mwenyekiti. Bado sisi."

Marehemu ameacha watoto wawili, Lameck na Paulina, wajukuu watano, Anitha akiwa wa kwanza, kitukuu mmoja, dada yake, Bi. Yunisi, na jirani yake, Bi. Mwajabu, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu.

Aliacha agizo moja kuhusu siku ya leo. "Kwenye ratiba yangu msiandike mengineyo," alimwambia Paulina. "Mwenye neno alisemee mwanzoni, watu wakiwa bado wamekaa." Familia imetii. Kwa hiyo salamu za serikali ya mtaa hazitangoja mwisho kama ilivyo desturi. Zitatolewa sasa hivi, mara tu baada ya wasifu huu, na Ndugu Nurdini ameombwa azungumzie kivuko kabla ya jambo lingine lolote.

Mama yetu Loisi binti Ndahani, umengoja vya kutosha. Pumzika kwa amani. Neno lako tumelipokea, nalo ni lile lile.