Kioo cha Kwanza cha Bwana Bushiri

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 1958, Bwana Bushiri Sadalla anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika maabara yetu. Aliingia akiwa mfagiaji, akajifunza kupaka rangi vioo vya damu, vile vya kutazamwa kwa darubini, kwa kuchungulia mlangoni, na hadi leo hakuna fundi anayemfikia kwa rangi, wala kwa ubishi.

Rangi imemwandama mpaka nyumbani. Mkewe, Bi Tatu, analalamika kwamba hata kanzu ya Idi ina doa la zambarau. Wachuuzi wa samaki pale Feri nao wamechoka naye, maana hanunui changu mpaka amfunue mashavu na kumgeuzia kwenye mwanga.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, hujitoboa kidole na kupaka rangi damu yake mwenyewe. Sisi vijana tulimcheka, na mimi niandikaye nilicheka kuliko wote.

Mwaka 1954 aliletwa Zamda, muuza vitumbua wa Kariakoo, mjamzito wa miezi saba, viganja vyeupe, hajiwezi. Alikuwa amemeza vidonge vya madini ya chuma mwezi mzima bila nafuu. Kwenye kioo chake chembe nyekundu zilikuwa kubwa, zimekolea rangi kupita kiasi. Mimi nilizoea kwamba aliyepungukiwa damu chembe zake hupauka. Basi nikamwambia daktari kuwa mzee amezidisha rangi, nikakitupa kioo kwenye ndoo ya taka.

Bwana Bushiri alikiokota, akakisafisha, akamwonyesha daktari, kisha akamwonyesha na kile chake cha asubuhi. Vyote viwili vilipakwa kwa rangi ya chupa moja, na chembe za mzee zilikuwa na rangi ya kawaida kabisa.

"Rangi haijazidi, Aristides," aliniambia taratibu. "Huyu mama ndiye anayeumwa."

Daktari alitazama vioo vyote viwili, akasema chembe kubwa namna ile ni dalili ya kukosa vitamini, si chuma, akaagiza vidonge vya vitamini iliyokuwa imepungua mwilini mwa Zamda. Alipojifungua, viganja vyake vilikuwa vimerudiwa na rangi. Bintiye, Sofia, sasa ana miaka minne, na kila Idi hutuletea vitumbua pamoja na mama yake. Mimi huvila kwa aibu kidogo.

Ahsante, mzee wetu, kwa yote uliyotufundisha. Mungu akujaalie afya na mapumziko yenye raha, wewe na Bi Tatu. Kidole chako nacho kipumzike. Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nitatoboa changu.